Kumpendekezea rafiki riwaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rafiki ameniuliza "nisome nini?" Nianzie wapi?

Anzia kwake, si kwenye rafu yako. Kosa nililolirudia kwa miaka ni kumtajia kila mtu riwaya iliyokuwa bado inanichemka kichwani. Juma nililomaliza hadithi ya kijasusi, wote waliokutana nami walipewa ya kijasusi: mwenye mtihani wiki inayofuata, mwenye mtoto mchanga asiyelala usiku, na yule aliyeapa kutogusa hadithi tangu atoke shule. Hakuna hata mmoja aliyeisoma, nami nikawa nalalamika kwamba watu siku hizi hawasomi.

Sasa nauliza kwanza: kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi? Siulizi alichokipenda. Mtu akiulizwa alichokipenda hujivika nguo za kutokea, akataja majina mazito ambayo pengine aliishia kwenye jalada. Akiulizwa alichokimaliza hana pa kujificha. Labda ni kijitabu cha mapenzi cha kurasa 90. Labda ni wasifu wa mwanasiasa. Labda hajamaliza kitu kwa miaka mitatu, na hilo nalo ni jibu zuri kabisa, maana sasa unajua kwamba anahitaji kitabu chembamba.

Akiwa bado ana subira, muulize pia alichokiacha na alipoachia. Anayesema "majina yalizidi, nikapotea" usimpe riwaya ya vizazi vitatu. Anayesema "wanaongea tu, hakuna kinachotokea" mpe hadithi yenye maiti mapema.

Kisha taja kitabu kimoja. Ukimtumia orodha ya kumi umemrudishia kazi aliyokuomba umfanyie.

Nimweleze hadithi kiasi gani bila kumwaga mtama?

Mimi nina mpaka wangu: chochote kilichomo kwenye sura ya kwanza ni halali, vingine vyote ni vyake mwenyewe. Huu hapa ujumbe niliomwandikia rafiki kuhusu *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, neno kwa neno:

"Zanzibar, Mwingereza bado yupo. Msichana wa Kihindi, Yasmin, ameozwa kwa Bwana Raza, mzee kwake kupita kiasi. Anakaa dirishani. Soma mpaka atakapotoka nyumba ile, kisha unipigie."

Basi. Sikumtaja atakayekutana naye wala siasa zitakazomkuta huko nje. Msomaji alipewa mtu, mahali, na jambo lisilowezekana kuendelea hivyo hivyo. Vikiwepo vitatu hivyo, hahitaji muhtasari.

Usisahau kwamba hata sifa hufichua. Ukimwambia mtu "mwisho wake hutauamini", umeshamharibia, kwa sababu ataanza kumshuku kila mhusika tangu ukurasa wa pili, na mwisho ukifika atakuambia aliujua. Kwenye hadithi za upelelezi ndiyo usiseme kabisa. Nilimpa binamu yangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla huku nikikonyeza jicho alipotaja jina fulani. Konyezo lile bado ananilaumu.

Kwa riwaya ambazo mwisho wake unajulikana na kila mtu, kama *Rosa Mistika*, usidhani ruhusa ipo. Ilitoka mwaka 1971, wengi wameisoma, lakini rafiki yako hajaisoma, na kwake Rosa bado yu hai, bado yuko kwa baba yake Zakaria, na bado lolote laweza kutokea.

Rafiki yangu anasema riwaya za Kiswahili ni za shuleni. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa hotuba kuhusu fahari ya lugha. Hotuba za aina hiyo amezisikia hukohuko shuleni.

Ana sababu ya kusema hivyo. Watu wengi riwaya yao ya mwisho ya Kiswahili ilikuwa ya mtihani, na waliisoma kalamu mkononi wakiwinda dhamira, falsafa ya mwandishi na tamathali za usemi. Hakuna hadithi inayopendeza ukiisoma kama askari anayekagua mizigo. Ken Walibora, kwa mfano, alipata bahati na balaa kwa pamoja: *Siku Njema* (1996) na *Kidagaa Kimemwozea* (2012) zote mbili zilitahiniwa Kenya, kwa hiyo maelfu wanazijua na wengi wao hawataki kuzisikia tena. Rafiki yangu mmoja aliweza kunitajia sifa tano za Mtemi Nasaba Bora wa *Kidagaa Kimemwozea* akiwa usingizini, ila nilipomuuliza kama alicheka popote kwenye kitabu kile, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Nilimwambia arudie *Siku Njema* bila kalamu. Aanze tu na yule kijana, Kongowea Mswahili, anayekwenda kumtafuta baba asiyemjua, na asijali dhamira. Aliimaliza kwa siku mbili. Alichoniambia ni kwamba hakuwa anajua kuwa ina maneno matamu kiasi kile. Zamani aliyapigia mistari tu.

Njia nyingine ni kumpa kile ambacho shule haikumpa. Hapa naomba niseme kwa mapana kidogo, maana ndipo wengi hukwama kwa kutojua kilichopo.

Mpenda upelelezi ana karamu. Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapwa 1960, na tangu hapo mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wakaendelea katika *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na vingine. Kiswahili chake ni cha Unguja, kimepikwa kikaiva, na mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum yana utani ambao hauchakai. Anayetaka mbio na bastola zaidi kuliko kufikiri, mpe Elvis Musiba, *Kikosi cha Kisasi*, amfuate Willy Gamba. Au Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Wapo wanaovikunjia uso vitabu hivi wakiviita vya mtaani. Waache. Nimeona watu wazima wakianza upya kusoma kwa sababu ya Willy Gamba, na sijaona hata mmoja aliyeanza kwa sababu ya hotuba.

Anayependa historia yenye jasho, Shafi Adam Shafi tena: *Kuli* (1979) inamfuata Rashidi bandarini Zanzibar mpaka kwenye mgomo wa mwaka 1948. Kwa mtu anayefanya kazi ya mikono au anayesimamia wanaoifanya, sijawahi kuona kitabu kinachokubalika haraka namna ile.

Mambo ya ndani ya nyumba, yale yanayosemwa mlango ukishafungwa: *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Maksuudi anamfungia ndani bintiye Maimuna akidhani anamlinda. Au *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, ambayo ni ya karibuni zaidi na huwafaa wanaodhani riwaya nzuri za Kiswahili zilikoma na wazee.

Mpenda mafumbo, anayefurahia kutoelewa mara ya kwanza: *Nagona* na *Mzingile* za Euphrase Kezilahabi, au *Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila. Mbili za kwanza ni nyembamba sana, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu huona wembamba akadhani atamaliza kwa jioni moja. Mwonye. Kwa kweli mimi *Nagona* niliisoma mara tatu, na mara ya kwanza nilikuwa nafungua kurasa tu kama anayetafuta mlango gizani.

Na Shaaban Robert? Wengi humtaja wa kwanza kwa heshima. Mimi humtaja wa tatu au wa nne. *Kusadikika*, ambapo Karama anasimama kushtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, inaonekana kavu kwa mtu asiyezoea mwendo wake wa taratibu. Mtu aliyekwisha kuzoea kusoma kwa Kiswahili huishika na kuona namna mwandishi alivyoisema serikali ya kikoloni bila kuitaja. Ukimpa mapema utamfanya akuchoke wewe, na Shaaban pia.

Amesoma nilichompa, hakukipenda. Nimekosea?

Pengine umekosea, pengine hapana, lakini cha kwanza ni kutokitetea kitabu. Najua inavyouma. Mtu akisema riwaya uliyoilia "ni ya kawaida tu", unajihisi kama umekaribisha mgeni akasukuma sahani. Kisha unaanza: hukuielewa, uliisoma haraka, subiri uone sura ya kumi na mbili. Hakuna aliyewahi kukipenda kitabu kwa kushindwa ubishi.

Muulize alichoshwa wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokufanya umpe kitabu cha pili kinachomfaa. Nilimpa rafiki *Kichwamaji* ya Kezilahabi nikidhani, kwa kuwa anapenda kubishana kuhusu maana ya maisha, ataifurahia. Akanirudishia akasema: "Huyu mtu wako hana hata saa moja ya furaha." Nikaelewa kwamba anapenda ubishi wenye vicheko. Kilichofuata nilimpa Bwana Msa, naye mpaka leo ananidai vingine.

Vitabu viwili mfululizo vikimchosha, pumzika. Mwache yeye akupendekezee kimoja.

Nilimpa kitabu miezi minne iliyopita. Yuko kimya. Nimuulize?

Hapana. Kimya chake ni jibu, hata kama ni jibu la "bado". Ukimuuliza "umefika wapi?" umegeuka mwalimu, na kitabu kimegeuka deni. Ataanza kukukwepa, na kosa si lake.

Niliwahi kumwazima jirani riwaya nikiwa nimeweka bahasha iliyokunjwa kwenye ukurasa wa 37, kwa sababu ndipo palipokuwa na kipande nilichotaka akione. Baada ya mwaka mmoja alinirudishia kwa shukrani nyingi, akasema kizuri, kizuri mno, hasa mwisho. Nyumbani nilikifungua. Bahasha ilikuwa ukurasa wa 37, imelala vilevile na mkunjo wake, na kurasa zilizofuata zilikuwa bado zimeshikana kidogo pembeni kama kitabu kipya. Sikumwambia kitu. Alitaka kunifurahisha, na kwa namna yake alinifurahisha.

Nimwazime nakala yangu au nimwambie atafute yake?

Azima ile unayoweza kuipoteza. Yenye maandishi yako pembeni, au uliyopewa na mtu asiyekuwepo tena, ibaki nyumbani. Hakuna urafiki unaodai hiyo.

Kwa zilizobaki, andika. Nina ukurasa wa nyuma wa daftari wenye safu tatu: jina la kitabu, jina la aliyechukua, mwezi. Niliuanzisha baada ya kununua *Nyota ya Rehema* mara tatu, kila mara nikiapa kwamba naikumbuka sura ya aliyeichukua. Ukiandika mbele ya mtu, kwa kalamu, huku akikuona, kitabu hurudi. Sijui kwa nini, lakini hurudi.

Kitabu ulichoazimwa wewe, usimwazime mtu wa tatu. Hili sina la kuongeza.

Naweza kumtumia PDF?

Kama mwandishi au mchapishaji ameitoa bure, mtumie. Kama ni nakala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa ikazunguka kwenye WhatsApp, mimi situmi. Waandishi wa riwaya za Kiswahili wanauza nakala chache. Kila faili la namna hiyo linazila hizo chache zenyewe. Na hata ukiweka haki pembeni, nakala hizo zina kurasa zilizokatika, na rafiki yako ataishia kufikiri kwamba mwandishi ndiye aliyeruka kutoka ukurasa wa 112 hadi wa 115.

Kama riwaya imetafsiriwa, nipendekeze tafsiri au ya asili?

Pendekeza ile atakayoisoma akiwa amelala chali, bila kujikaza. Kwa msomaji ambaye Kiswahili ndicho anachoota nacho, mara nyingi ni tafsiri.

Mfano mzuri ninaoujua ni *Peponi*. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994 kwa jina la *Paradise*. Alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayeondoka nyumbani na mfanyabiashara Aziz akidhani ni mjomba wake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza. Nilipoisoma kwa Kiswahili nilikuwa na hisia ya ajabu kwamba wahusika sasa ndio wanaongea lugha yao, na kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa tafsiri. Hilo halitokei kwa kila kitabu. Kuna tafsiri zinazokwaruza meno, ambazo unasikia sentensi ya kigeni ikitembea ndani ya kanzu ya kuazima. Fungua kati, soma mazungumzo ya wahusika wawili kwa sauti. Yakisikika kama watu, mpe rafiki yako.

Kwa anayetaka Afrika nzima kwa Kiswahili, ipo *Shujaa Okonkwo*, ambayo ni ile riwaya mashuhuri ya Chinua Achebe, na *Barua Ndefu kama Hii* ya Mariama Bâ. Hiyo ya pili mimi humpa mtu yeyote aliyewahi kuandika ujumbe mrefu akaufuta bila kuutuma.

Filamu yake ipo. Aitazame kwanza?

Asome kwanza akiweza. Akishatazama atasoma akiona uso wa mwigizaji. Lakini kama filamu ndiyo itakayomfikisha kwenye kitabu, njia ni njia. *Vuta N'kuvute* ilitengenezewa filamu mwaka 2021, imeongozwa na Amil Shivji, na nawafahamu wawili walioitafuta riwaya baada ya kuitazama. Mmoja wao alinilalamikia kwamba kitabuni kuna mambo mengi zaidi, kana kwamba ni mimi niliyeyaficha.

Rafiki yangu ana msiba. Kitabu cha huzuni kitamfariji?

Wiki za mwanzo usimpe kitabu chochote. Kaa naye tu. Kichwa cha mwenye majonzi hakishiki mstari. Atasoma aya moja mara sita, kisha ajisikie vibaya kwa kushindwa hata na hilo.

Baadaye, akikuomba mwenyewe, usikimbilie riwaya inayofanana na kisa chake. Sote tumefanya hivi kwa nia njema: aliyefiwa na mama tunampa mhusika aliyefiwa na mama. Wapo wanaofarijika. Wapo wanaokufungia mlango. Nilijifunza upande wa pili kwa rafiki niliyemheshimu sana; nilimpa riwaya ambayo mtoto anazikwa, sikukumbuka kabisa kwamba kipande hicho kimo, kwa sababu mimi nilikuwa naikumbuka kwa ajili ya vichekesho vyake. Alikifikia kipande hicho usiku, peke yake. Tangu siku hiyo, nikitaka kumpa mtu aliyejeruhika kitabu, nakipitia upya kwanza, ukurasa kwa ukurasa, nikimtafuta yeye ndani yake na si mimi. Nikikuta jambo la kumgusa, namwambia mapema na kumtajia sura. Hapo sheria yangu ya kutomwaga mtama naivunja bila kujuta.

Naruhusiwa kupendekeza kitabu ambacho bado sijamaliza?

Sema tu kwamba hujamaliza. "Niko nusu, na mpaka sasa nakosa usingizi" ni maneno ya kweli na yanavutia. Balaa ni kupendekeza kwa nusu kana kwamba umefika mwisho, kisha sura tatu za mwisho zikaporomoka na rafiki akaja kukuuliza wewe.

Riwaya niliyoipenda nikiwa kijana, miaka ishirini iliyopita. Nayo?

Isome tena kwanza, angalau sura mbili. Kumbukumbu ni mhariri mwongo. Hukata yote yaliyokuchosha. Nilikuwa nikiitukuza *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed kila mahali, nikaogopa kuifungua. Nilipoifungua ilikuwa bado kali kama wembe. Nyingine, ambayo jina lake nitaliacha, ilikuwa na msichana anayezimia kila baada ya kurasa nne.

Nasoma polepole sana, kitabu kimoja kwa miezi miwili. Nina haki gani ya kupendekeza?

Una haki zaidi ya anayemeza vinne kwa wiki. Anayekaa miezi miwili na mhusika anajua anavyokohoa.

Kusikiliza riwaya ni kusoma?

Ndiyo. Kama amecheka panapochekesha na ananiuliza kuhusu mhusika kwa jina, sina haja ya kujua iliingia kwa macho au kwa masikio.

Nasoma kisha nasahau. Nikiulizwa, sikumbuki hata majina. Nifanyeje?

Daftari, lakini si la muhtasari. Muhtasari utauacha baada ya vitabu vitatu. Mimi huandika vitu viwili tu siku ninayomaliza, kabla sijalala: kipande kimoja ninachokiona hata nikifumba macho, na jina la mtu niliyemfikiria nikisoma. Kwa *Utengano* niliandika: "Mlango wa Maimuna. Mpe dada." Kwa *Kuli*: "Asubuhi bandarini. Mpe fundi wa bomba, yule anayebishana."

Hilo la pili ndilo lililobadilisha kila kitu kwangu. Ukiwa na jina la mtu pembeni ya jina la kitabu, huhitaji tena kukumbuka kitabu kilihusu nini. Unamkumbuka mtu, na sababu inarudi yenyewe. Nikifungua daftari naona majina ya rafiki zangu yamejipanga kando ya wahusika, na wengine wametokea mara nyingi kuliko wanavyojua. Kuna mmoja ana vitabu saba vinavyomsubiri. Sijampa hata kimoja, kwa sababu hajaniuliza bado.

Kama huna daftari, jitumie ujumbe wa sauti. Sauti yako saa ya kumaliza kitabu ina kitu ambacho kesho yake hakipo.

Rafiki ananipendekezea vitabu nisivyovitaka. Nakataaje?

Kwa kimoja kati ya vitatu, kubali. Soma kurasa 30 kwa moyo safi, ukishindwa mwambie ulipofika na kilichokusimamisha. Usidanganye kwamba umemaliza, ukikumbuka kisa changu cha bahasha. Na anayekupa kitabu kilekile mara ya tatu huenda hazungumzii kitabu. Msikilize. Nina rafiki aliyenisukumia riwaya ya ndoa iliyovunjika kwa mwaka mzima, mpaka nilipoisoma ndipo nikajua alikuwa anajaribu kuniambia nini.

Rafiki yangu ameandika riwaya yake mwenyewe. Ananiomba niisome na niwaambie wengine.

Hayo ni maombi mawili, yatenganishe. Kuisoma, isome, tena haraka, maana kila siku unayochelewa yeye anahesabu. Mwambie mahali ulipochangamka na mahali ulipoanza kutazama saa, kwa sura na kwa ukurasa. Kuwaambia wengine, waambie tu wale ambao ungewaambia hata kama mwandishi angekuwa mtu usiyemjua. Wakati mwingine hao ni wawili. Wawili wanaosoma kweli watamfaa kuliko hamsini waliopongeza jalada.

Na wewe sasa hivi unasoma nini?

Nyota ya Rehema tena, nakala ya nne. Ilitoka mwaka 1976 na imechapwa kwa herufi ndogo zinazoniumiza macho, kwa hiyo nasoma kurasa kumi kwa siku, asubuhi kwenye mwanga. Jana Rehema alikuwa njiani, peke yake, na nilifunga kitabu hapo kwa sababu nilichelewa kazini. Pembeni nimeshaandika jina la mtu. Hajaniuliza, lakini juzi alinitajia kwamba anatafuta kitu cha kusoma safarini, na nadhani hiyo inatosha kuhesabiwa.